Uzi wa wazamiaji wa Tanga: kagua vifaa ukiwa nyumbani, usingoje upande boti

Mapezi_Raskazone (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kusi limekatika, tuko kwenye maleleji, maji yameanza kung'aa, na kwenye makundi ya simu watu wameshaanza kupangana. Wengine Maziwe, wengine miamba ya Yambe na Karange. Kabla hamjatuma pesa ya mafuta ya boti, nina maneno yangu kuhusu vifaa.

Kila msimu ni mtindo uleule. Begi limefungwa tangu masika, likasukumwa uvunguni, linakuja kufunguliwa asubuhi ya safari, botini, injini inanguruma na nahodha anaangalia saa kwa sababu maji yanatoka. Hapo ndipo mtu anagundua mkanda wa pezi umekatika, au regulata, kile kifaa cha kuvutia hewa kwa mdomo, inapuliza hewa yenyewe bila kuguswa. Na kwa Tanga yetu hii, saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukikosa oringi, kile kipete cha mpira cha kuzuia hewa isivuje, huna pa kukimbilia. Ngamiani utapata oringi za pampu ya maji na za pikipiki, lakini mtu asikudanganye ukaweka hizo kwenye koki ya mtungi wa hewa wenye shinikizo la baa 200.

Kwa hiyo vitoe vyote wiki moja kabla, vitandaze kwenye mkeka, na ukague kwa mdomo na masikio zaidi ya macho. Kifaa cha kuzamia kinaweza kung'aa kama kimetoka dukani na kikawa kibovu.

Anza na regulata, kabla hata hujaifunga kwenye mtungi. Acha kile kifuniko cha vumbi kikiwa kimekazwa kwenye kichwa chake, sehemu ile inayofungwa kwenye mtungi, iweke mdomoni, vuta pumzi taratibu. Inatakiwa ikatae kabisa, na ukiendelea kuvuta uhisi ulimi unanyonywa. Ikikupa hewa, hata kidogo, kuna mahali panavuja. Mara nyingi ni mdomo wa mpira uliochanika pale kwenye kibana cha plastiki, sehemu ambayo huioni mpaka uuvute pembeni kwa vidole. Wakati mwingine ni ule mpira mwembamba wa ndani umekaa upande, au ule wa kutolea pumzi umeingiwa na punje ya mchanga. Nchi kavu tundu hilo linakupa hewa ya bure. Chini ya maji linakupa maji ya chumvi kooni kila unapovuta pumzi. Fanya hivyohivyo na regulata ya akiba, ambayo ndiyo inayosahaulika na ndiyo utakayompa mwenzio siku akiishiwa.

Kisha mipira ya hewa. Zile soksi za plastiki zinazofunika maungio zirudishe nyuma, maana nyufa zinajificha humo. Kunja mpira kidogo karibu na ungio: ukiona mistari kama ya tairi kuukuu, badilisha. Ukiona kutu ya kijani kwenye chuma, jua chumvi imeshakaa hapo siku nyingi.

Sasa funga kwenye mtungi. Fungua koki polepole, uso wa geji, ile saa ya kupimia shinikizo, ukiwa umegeuzwa upande usio na mtu, halafu ifungue yote. Vuta pumzi nne tano kwa nguvu HUKU UNAIANGALIA GEJI. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu wengi wanavuta huku wanapiga soga. Sindano isitikisike. Ikishuka unapovuta na kurudi unapoacha, koki haijafunguka vizuri au kichujio cha kwenye kichwa kimeziba. Hapo barazani hutahisi tofauti, lakini kwenye mita 20 kila pumzi inabeba hewa mara tatu ya ile ya juu, na ule upenyo mdogo hautatosha.

Baada ya hapo funga koki, usitoe hewa iliyobaki kwenye mipira, kapike chai. Ukirudi sindano iwe palepale. Ikiwa imeshuka, fungua tena koki, tumbukiza kichwa cha regulata na maungio yote kwenye karai la maji, povu litakuonyesha pa kushughulikia.

Jaketi la kuelea: lijaze mpaka valvu ya usalama ilie, liache usiku kucha. Asubuhi liwe bado gumu. Bonyeza kitufe cha kujazia mara kadhaa na usikilize kama kinarudi chenyewe na hewa inakatika palepale. Chumvi ikikaukia ndani ya kitufe hicho, kinaweza kukwama wazi, jaketi likajaa lenyewe na kukurusha juu. Mwendo wa kupanda unaofundishwa na wengi siku hizi ni mita 9 kwa dakika. Jaketi lililokwama halijui mambo hayo. Vuta pia kila kamba ya kutolea hewa, ya begani na ya kiunoni.

Miwani na mapezi sina mengi. Miwani mpya isuguliwe kwa dawa ya meno ndani ya kioo, la sivyo itakufanyia ukungu. Mikanda ivute kwa nguvu. Bora ikatikie mkononi. Kompyuta ya mkononi, ile kama saa inayoonyesha kina na muda, angalia betri. Filimbi na boya la ishara viwemo begini, maana boti zetu nyingi hazina ngazi ya juu ya kukutafutia kwenye mawimbi.

Karibuni, ongezeni na pingeni.

---

BintiPangani

Shukrani kaka. Mimi sina vifaa vyangu, nakodi. Swali langu ni hili: nikifika pale nikaanza kuvuta regulata na kuinamisha mitungi, si nitaonekana namdharau mwenye vifaa? Mara ya mwisho nilipewa kila kitu kimeshafungwa tayari, wenzangu wote wakavaa, na mimi nikaona haya.

---

Mapezi_Raskazone

Dada, haya hiyo ndiyo adui namba moja kwenye pwani yetu. Tumelelewa kwamba ukiletewa chakula huanzi kukichungulia. Lakini mtungi si pilau. Mwenye vifaa anayeijua kazi yake atafurahi kukuona unakagua, na akinuna, basi amekupa jibu kabla hujalowa.

Namna rahisi isiyoleta maneno: mwambie, "Kaka, mimi nimezoea kufunga mwenyewe, naomba nifungue nifunge upya." Hakuna anayekasirika. Ukishafungua umeiona oringi, ukishafunga umevuta pumzi mbele ya geji, umemaliza. Dakika tano.

Na kama mmefika kwenye ukaguzi wa wawili wawili kabla ya kuruka, usikubali ule wa kuoneshana dole gumba. Shika kabisa: jaketi linajaa na kutoa? Risasi, zile za uzito wa kukuzamisha, ziko wapi na zinafunguka kwa mkono gani? Vifungo vyote? Hewa ngapi, na ya akiba inavutika? Kisha miwani na mapezi. Mkono wako uguse vifungo vya mwenzio, ili siku ya taharuki usianze kuvipapasa gizani.

---

FundiMitungi

Mleta uzi umeongea vizuri ila mtungi wenyewe umeuruka. Mimi nashughulika na kompresa, mashine za kujazia mitungi, niongeze.

Kwanza soma begani pa mtungi. Pamegongwa mwezi na mwaka wa kupimwa kwa shinikizo la maji. Kipimo hicho kawaida ni kila baada ya miaka 5, na kuchunguliwa ndani kwa taa ni kila mwaka. Ukikuta tarehe ya mwisho ni ya zamani, usijazwe wala usijaze. Mtungi wa alumini uliotengenezwa kabla ya 1990 ulizia ni wa aloi gani, yaani mchanganyiko gani wa metali. Ile ya 6351 ilikuja kugundulika ina tabia ya kupata nyufa shingoni, na kampuni ya Luxfer iliiacha mwishoni mwa miaka ya 1980. Mitungi ya hivyo bado inazunguka kwenye pwani hii ya Afrika, imepakwa rangi mpya ikapendeza.

Pili, upindue taratibu karibu na sikio. Ukisikia kitu kinachakacha au kinateleza, ndani kuna maji au kutu. Fungua koki kidogo: hewa ikitoka na ukungu mweupe mwingi, ni unyevu. Hewa ya Tanga ina maji mengi, na mwendesha kompresa asiyefungua koki za kutolea maji kila baada ya muda anakujazia maji hayo.

Tatu, na hili ndilo zito: inuse. Nusa hewa inayotoka kabla hujafunga regulata. Harufu ya mafuta, ya moshi, ya mpira ulioungua, uweke pembeni mtungi huo. Monoksidi ya kaboni, ile sumu ya moshi wa injini, yenyewe haina harufu, lakini mara nyingi inasafiri pamoja na moshi wenye harufu. Kompresa nyingi huku zinaendeshwa kwa injini ya petroli au dizeli. Upepo ukigeuka, mpira wa kuvutia hewa unavuta moshi wa injini ileile. Nenda kaangalie mahali unapojazia: mpira wa kuvutia uko juu, na uko upande upepo unakotokea? Kiasi ambacho hapa juu kingekupa kichwa kuuma tu, chini kinaongezeka nguvu pamoja na shinikizo. Na mwenye sumu hiyo hajui, anaona kachoka.

---

Kolekole

Nyie watu mna mambo. Babu yangu kule Mwarongo alizama kutafuta pweza maisha yake yote na miwani moja ya mbao na kijiti. Hakuwa na geji wala kompyuta. Alikufa kwa uzee kitandani.

---

FundiMitungi

Mzee wako Mungu amrehemu, na alikuwa salama kuliko wewe mwenye mtungi. Alishuka na pumzi ya juu akarudi nayo ileile. Mwenye mtungi anavuta hewa iliyokandamizwa akiwa chini. Akiizuia kifuani na kupanda, inapanuka. Kutoka mita 10 hadi juu inakuwa maradufu. Pafu halina nafasi ya maradufu.

Halafu tusichanganye mambo: kuvua kwa mtungi au kwa kompresa, majongoo bahari au chochote, kanuni za uvuvi zinakataza. Uzi huu ni wa kutalii.

---

Kijana wa Chumbageni

Wakuu mtungi mmoja unakaa dakika ngapi? Kila mtu ananipa jibu lake. Mwingine saa nzima, mwingine nusu saa.

---

Mapezi_Raskazone

Wote wamesema kweli, inategemea kina na mapafu ya mtu. Chukua karatasi. Mtungi wa alumini tunaoutumia wengi una ujazo wa lita 11.1. Ukijazwa baa 200, ndani mna lita 2,220. Baa 50 ni akiba ya kurudia, usizihesabu. Zinabaki baa 150, yaani lita 1,665. Mtu aliyetulia tuseme anatumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu, kwa hiyo lita 60 kwa dakika. Gawanya, unapata dakika 27 na ushee. Kwenye mita 10 angalipata zaidi ya 40. Mwenye hofu, au anayepambana na mkondo, anaweza kutumia maradufu ya hapo.

Ndiyo maana geji ikaguliwe asubuhi, mtungi ukiwa umepoa. Mtungi uliojazwa harakaharaka unatoka kwenye kompresa ukiwa moto na unasoma 200. Ukipoa unakuta 180. Hizo baa 20 zilizoyeyuka ni karibu dakika nne za mita 20.

Na kuhusu risasi za kiunoni, hewa ina uzito. Mtungi huo ukijaa umebeba hewa ya kilo mbili na nusu hivi. Ukielekea kuisha, alumini inataka kuelea. Anayepima risasi zake mwanzoni mwa mbizi anaona zinatosha, halafu mwishoni, pale mita 5 anapotakiwa kukaa dakika 3, anapanda kama boya. Pima mtungi ukiwa na baa 50, au ongeza kidogo kwa hesabu hiyo.

---

Mzee wa Bamvua

Vijana, mnakagua mpira na chuma, bahari hamuikagui. Mkienda na bamvua, maji ya huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na hayo maji yote yanapita kwenye milango baina ya miamba. Mkondo unakuwa mto. Matope ya mikoko nayo yanatoka, hamuoni hata vidole. Ngojeni maji mafu, siku mwezi unapokuwa nusu.

Wa Maziwe nawakumbusha kingine. Pale siku hizi ni fungu la mchanga tu. Miti ilikuwepo, imekwisha miaka mingi, na maji yakijaa sana fungu lenyewe linafunikwa. Hakuna kivuli wala pa kutandika kitu. Nimeona watu wanashusha vifaa vyao mchangani wavifungie pale. Mchanga laini ule unaingia kwenye koki, kwenye vitufe, kwenye zipu. Fungeni kila kitu mkiwa Pangani au Ushongo, na mkishafunga kilazeni na mkifunge kamba. Mtungi ukisimama bila kushikwa kwenye boti, wimbi moja tu unaangukia mguu wa mtu.

---

Kijana wa Chumbageni

Mzee shikamoo, na asante. Samahani kwa kutoka nje ya mada: tukizama ndani ya Hifadhi ya Silikanti tunaweza kumuona silikanti mwenyewe, yule samaki wa kale?

---

Mzee wa Bamvua

Marahaba. Humuoni ng'o. Yule mchana anakaa kwenye mapango ya mteremko, mita mia na zaidi huko. Waliokuwa wakimpata kule Kigombe, walimnasa kwa majarife ya papa yaliyotegwa kina kirefu, miaka ile ya 2004 na kuendelea, mpaka hifadhi ikaanzishwa 2009. Mzamiaji wa starehe mwisho wake mita 40, na kwa vyeti vya mwanzo ni 18 tu. Tosheka na kasa na matumbawe. Na ulipie tozo ya hifadhi, usinitie aibu.

---

Kolekole

Basi nami niongeze la maana, msinione mchokozi tu. Mkisikia mlio wa baruti za uvuvi haramu mkiwa chini, pandeni taratibu na mwondoke. Sikuhizi imepungua sana, lakini walioizoea bahari ya Tanga wanajua ninachosema. Chini mlio unasikika karibu hata ukiwa mbali.

---

Safarini_Dar

Mimi natoka Dar na begi langu. Kwa basi au kwa ndege, lipi bora?

---

Mapezi_Raskazone

Mtungi usiubebe, kodi huku. Ndege hawaupokei ukiwa na shinikizo. Wanataka uwe mtupu na koki imetolewa, na ukitolewa koki unaingiwa na unyevu. Regulata, kompyuta na miwani panda navyo mkononi. Tochi yenye betri ya lithiamu nayo iwe mkononi, betri imechomolewa. Basi ni sawa, ila regulata usiiweke chini buti pamoja na magunia ya watu. Mipira ikikunjwa mkunjo mkali saa sita inapasukia ndani ambako huoni.

Kurudi ndiko kwenye mtego. Baada ya mbizi zaidi ya moja, ngoja walau saa 18 kabla ya ndege. Na si ndege peke yake. Kuna watu wanazama asubuhi, mchana wanapanda gari kwenda kupumzika Lushoto. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari. Mwili wako hauulizi umepanda kwa ndege au kwa Noah, unaona shinikizo limepungua na naitrojeni uliyoivuta chini bado imo kwenye damu. Lala Tanga, Lushoto kesho yake jioni.

---

BintiPangani

Nimerudi kuleta mrejesho. Leo nimekwenda kuchukua vifaa mapema, nikasema yale maneno ya "nimezoea kufunga mwenyewe." Kaka wa pale hakununa, alinivutia kiti. Jaketi la kwanza kitufe kilikuwa kinanata, nikabonyeza mara tatu, mara ya tatu hakikurudi. Amenibadilishia bila maneno. Regulata imekataa hewa vizuri nikiwa nimeziba, sindano haikutikisika. Oringi ya mtungi mmoja ilikuwa na kikato kidogo pembeni, kama imeng'atwa. Alikuwa nazo nyingine kwenye kopo la filamu, akaniongezea mbili za akiba.

Swali la mwisho: mama mmoja pale kaniambia nizipake vaselini ziwe laini. Nipake?

---

FundiMitungi

Hapana dada. Vaselini ni mafuta ya petroli, yanailegeza na kuivimbisha mipira ya aina nyingi, na kwenye kifaa chenye oksijeni nyingi ni hatari ya moto. Oringi ya koki iweke kavu na safi tu, haihitaji kupakwa kitu. Sehemu zinazohitaji kulainishwa zina grisi yake ya silikoni, na hiyo mwachie fundi wakati wa sevisi. Hizo mbili za akiba zitie kwenye kikopo chenye kifuniko, mbali na jua. Mnaondoka Pangani saa ngapi?

---

BintiPangani

Jumamosi, maji yakianza kutoka. Nafasi mbili bado zipo botini, anayetaka aniandikie faragha.